Kocha Kaondoka, Hasira Imebaki: Misimu ya Machungu Msimbazi

Kwa saa nzima ya mchezo Simba walikuwa hai. Jumapili ya Novemba 5, 2023, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Kennedy Musonda aliifungia Yanga dakika za mwanzo tu, Kibu Denis akasawazisha kabla robo saa haijatimia, na timu zikaenda mapumziko zikiwa sare ya 1-1. Kipindi cha pili kikaja na mambo yake. Maxi Nzengeli akafunga. Stephane Aziz Ki akafunga. Nzengeli akarudi tena. Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Mabao manne ndani ya muda usiofika nusu saa, na Kariakoo Dabi ikaisha Yanga 5, Simba 1.

Kesho yake watu waliofanya kazi ofisi moja kwa miaka walianza kusalimiana kwa kuinua kiganja. Vidole vitano, hakuna neno. Mitaani kipigo kile kikapewa jina la "kono la nyani", na shabiki wa Simba aliyetaka amani alilazimika kubadilisha njia asipite kijiwe cha kahawa.

Novemba 7, siku mbili tu baada ya mechi, klabu ikatangaza kuachana na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira "Robertinho". Kwa lugha ya mjini, akapewa Thank You.

Mashabiki wengi walishusha pumzi. Hatimaye kuna mtu kaadhibiwa. Lakini mahesabu ya Robertinho yalikuwa na ukurasa mwingine ambao hasira haikuruhusu usomwe. Kipigo kile kilikuwa cha kwanza kwake kwenye ligi tangu aingie Msimbazi, maskani ya Simba, Januari 2023. Wiki mbili na siku chache kabla ya dabi, Oktoba 20, kikosi chake kilitoka sare ya 2-2 na Al Ahly katika mechi ya ufunguzi wa African Football League palepale kwa Mkapa, kikaenda Cairo kikatoka tena sare, 1-1, na kutolewa kwa kanuni ya bao la ugenini pekee. Huyo ndiye aliyeambiwa hajui kufundisha.

Ni kweli timu yake haikuwa inapendeza machoni. Malalamiko yalianza mapema: Simba inashinda lakini haichezi, inapita kwa tabu, inamaliza mechi ikiwa imechoka. Power Dynamos ya Zambia ilikuwa imeitoa jasho kwa sare mbili kabla Simba hawajapenya kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, nayo kwa bao la ugenini. Kwa shabiki aliyezoea kuona timu yake ikigonga "pira biriani", ushindi wa namna hiyo haukumshibisha. Dabi ilikuja kuwasha moto kwenye nyasi zilizokwisha kukauka.

Deni la utani

Kufungwa na Yanga si kupoteza pointi 3. Yanga ilianzishwa 1935, na Simba mwaka mmoja baadaye, ikapitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Katika miaka yote hiyo kila kipigo kikubwa kati ya watani hawa wa jadi kinarithishwa kama deni la familia. Mwaka 1968 Yanga iliichapa Sunderland 5-0. Mwaka 1977 Simba ikalipa kwa 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga mabao 3 peke yake. Mei 2012 Simba ikarudia kwa 5-0, siku ambayo hata kipa Juma Kaseja alifunga kwa penalti. Yanga walibeba fedheha hiyo kwa zaidi ya miaka 11 hadi Novemba ile ya Nzengeli na wenzake.

Kuna jambo katika ile 6-0 ya 1977 ambalo wanaoisimulia huliruka. Mwaka mmoja kabla ya mechi hiyo Yanga ilimeguka kwa mgogoro, na nyota wake kadhaa wakaondoka kwenda kuunda Pan African. Kikosi kilichoingia uwanjani siku ile kilikuwa kimevuliwa nguo tayari. Mabao sita yalianzia kwenye vikao vya klabu, siyo kwenye benchi la ufundi.

Mataji manne, makocha wanne

Hapo ndipo hadithi ya Simba ya leo inapoanza kueleweka, na haianzii 2023. Inaanzia miaka ya neema.

Baada ya kutwaa ubingwa wa 2011/12, Simba ilikaa misimu mitano bila taji la ligi. Makocha walikuja na kwenda. Desemba 2017 Joseph Omog wa Cameroon alionyeshwa mlango baada ya Simba kutolewa kwenye Kombe la Shirikisho na Green Warriors, timu ya Daraja la Pili. Akaja Mfaransa Pierre Lechantre, na Simba ikabeba ubingwa wa 2017/18. Msimu uliofuata, ubingwa ulikuja chini ya Mbelgiji Patrick Aussems, aliyeifikisha pia timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Novemba 2019 Aussems akafukuzwa huku timu ikiongoza ligi. Mbelgiji mwingine, Sven Vandenbroeck, akamaliza kazi na kutwaa taji la 2019/20. Januari 2021 Sven aliitoa FC Platinum ya Zimbabwe kwa kuichapa 4-0, akaipeleka Simba makundi, na mara moja akaaga na kwenda FAR Rabat ya Morocco. Mfaransa Didier Gomes Da Rosa akapokea kijiti, akabeba ubingwa wa 2020/21.

Mataji manne mfululizo, makocha wanne tofauti.

Hakuna shabiki aliyelalamika wakati huo kwamba benchi halitulii. Sababu ni kwamba chini ya makocha hao wote kulikuwa na uti wa mgongo usiotikisika. Mwaka 2017 Simba iliwachukua kwa mpigo Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco kutoka Azam FC, ikawaunganisha na Mohamed Hussein "Tshabalala", Jonas Mkude na Mzamiru Yassin waliokuwapo. Mwaka 2018 wakaja Clatous Chama na Meddie Kagere. Kagere akawa mfungaji bora misimu miwili mfululizo, mabao 23 kisha 22. Januari 2020 akaongezwa Luis Miquissone kutoka Msumbiji. Kocha yeyote aliyeshuka uwanja wa ndege alikuta meza imeandaliwa.

Kisha Agosti 2021 meza ikapinduliwa. Katika dirisha moja la usajili Miquissone aliuzwa Al Ahly na Chama akaenda RS Berkane. Waliosajiliwa kuziba nafasi walikuwa na vipaji, na Pape Ousmane Sakho alikuja kufunga bao lililopewa tuzo ya bao bora la mwaka la CAF mwaka 2022, lakini pengo la watu wawili waliokuwa wakiamua mechi halikuzibika. Upande wa pili wa mji, dirisha hilohilo, Yanga ilimsajili kipa Djigui Diarra, kiungo Khalid Aucho, mshambuliaji Fiston Mayele, Yannick Bangala na Djuma Shaban.

Msimu huo Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi, ikiwa na pointi 74. Simba ilimaliza na 61. Pengo la pointi 13 halitengenezwi na kocha mmoja.

Gwaride la kuaga

Oktoba 24, 2021, Simba iliikaribisha Jwaneng Galaxy ya Botswana ikiwa na ushindi wa 2-0 mkononi kutoka Gaborone. Ikatangulia kufunga na nyumbani pia. Hadi mwisho, Galaxy walikuwa wameshinda 3-1 na kuitoa Simba kwa mabao ya ugenini, kwenye uwanja ambao mashabiki walikuwa wakitamba kwamba "kwa Mkapa hatoki mtu". Siku mbili baadaye Gomes akajiuzulu.

Kuanzia hapo mlango wa Msimbazi haukupata kutulia. Mhispania Pablo Franco Martin aliingia Novemba 2021, akaondoka Mei 2022 baada ya Yanga kuitoa Simba 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Mwanza kwa bao la Feisal Salum. Mserbia Zoran Maki akaanza maandalizi ya msimu mpya, na kufikia Septemba alikuwa ameshaondoka kwenda Misri. Juma Mgunda akakaimu. Robertinho akaja, akaondoka. Akaja Mualgeria Abdelhak Benchikha, mtu aliyekuwa ametoka kuinyima Yanga taji kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 akiwa na USM Alger. Mashabiki wakaona huyu sasa ndiye dawa. Aprili 2024 timu yake ilitolewa na Mashujaa kwa penalti mjini Kigoma katika Kombe la Shirikisho la nyumbani, ikafungwa tena na Yanga 2-1, na mwishoni mwa mwezi, baada ya kubeba Kombe la Muungano visiwani Zanzibar, Benchikha akaaga akitaja matatizo ya kifamilia. Mgunda akarudi kukaimu kwa mara ya pili.

Julai 2024 akapewa kazi Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Septemba 2025 akaenda zake Raja Casablanca, siku chache baada ya kufungwa na Yanga 1-0 kwenye Ngao ya Jamii. Akaja Mbulgaria Dimitar Pantev mwezi Oktoba, naye hakuuona mwaka mpya akiwa kazini. Desemba klabu ikamchukua Steve Barker kutoka Stellenbosch, timu ambayo Simba yenyewe ilikuwa imeitoa kwenye nusu fainali ya Afrika miezi michache nyuma.

Makocha saba wa kudumu waliondoka kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2025. Shabiki wa kawaida anaisoma orodha hiyo kama orodha ya walioshindwa. Akiisoma tena kwa utulivu ataona jambo lingine: si wote waliofukuzwa. Gomes alijiuzulu. Maki aliondoka akiwa hajamaliza hata miezi mitatu. Benchikha aliaga. Fadlu aliitwa na klabu kubwa zaidi akaitika, kama Sven kabla yake. Simba haijawa tu klabu inayofukuza makocha. Imekuwa pia klabu inayokimbiwa na makocha.

Matokeo yake uwanjani ni rahisi kuyaona. Kila kocha anakuta wachezaji waliochaguliwa na mwingine au kwa ajili ya mwingine. Kocha anayetaka kucheza kwa mawinga anakuta viungo watano. Anayetaka kukabia juu anakuta mabeki wenye miguu iliyochoka. Anaomba dirisha moja au mawili ya kujenga timu yake, na kabla dirisha la pili halijafunguliwa yupo kwenye ndege.

Kufungwa mara moja na kukosa ubingwa

Msimu wa 2022/23 ndio unaochanganya vichwa zaidi. Simba ilipoteza mechi moja tu ya ligi, dhidi ya Azam. Yanga ilipoteza mbili, mojawapo ikiwa ile ya Aprili 2023 ambayo Henock Inonga na Kibu Denis waliifunga kwa upande wa Msimbazi, 2-0. Bado Yanga ikawa bingwa kwa pointi 78 dhidi ya 73. Simba ilitoka sare mara 7. Yanga mara 3. Ubingwa ulipotea kwenye viwanja vya mikoani, kwenye mechi za Jumatano zisizo na shamrashamra, pale ambapo timu inahitaji mtu wa kuingia dakika ya 70 akabadilisha mchezo.

Mtu huyo hakuwa kwenye benchi. Mfungaji tegemeo wa msimu ule alikuwa Saidi Ntibazonkiza, aliyesajiliwa katikati ya msimu na kumaliza na mabao 17 sawa na Mayele wa Yanga. Alikuwa fundi wa kweli, lakini pia alikuwa na umri wa miaka 36. Siku ya 5-1, miaka miwili baada ya taji la mwisho, Simba bado iliwategemea Manula, Kapombe, Tshabalala, Mzamiru na Chama aliyekuwa amerejea, watu wa enzi ya mataji yale manne. Mabao matano ya Yanga yalifungwa na wachezaji waliosajiliwa katika madirisha matatu tofauti: Aziz Ki mwaka 2022, Musonda Januari 2023, Nzengeli na Pacome katikati ya 2023. Timu moja ilikuwa ikijiongezea kila dirisha. Nyingine ilikuwa ikiishi kwa akiba.

Msimu wa 2023/24 akiba ikaisha. Simba na Azam zilimaliza zikiwa na pointi 69 kila moja, Azam ikachukua nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao, na Simba ikaikosa Ligi ya Mabingwa Afrika. Maumivu hayakuishia kwenye msimamo. Mkude alikuwa ameshahamia Jangwani, kwa Yanga, mwaka 2023. Julai 2024 Chama naye akavaa kijani na njano. Mwaka 2025 akafuata Tshabalala, nahodha. Watani hawakuchukua vikombe tu. Walichukua na wenyeji wa nyumba.

Kioo cha Jangwani

Ni rahisi kusema Yanga ilifanikiwa kwa sababu ilimvumilia kocha. Kwa sehemu ni kweli. Nasreddine Nabi aliingia Aprili 2021 na kubaki hadi katikati ya 2023, akiacha mataji mawili ya ligi na fainali ya Afrika. Lakini kabla yake Yanga ilikuwa na miaka minne ya njaa, ikiwemo kipindi cha Mwinyi Zahera ambapo mashabiki walitembeza bakuli kuichangia timu yao. Makocha walikuwa wakipita pale kama wanavyopita sasa Msimbazi. Kilichobadilika kwanza ni fedha za mfadhili wake, GSM, na namna zilivyotumika kusajili.

Ushahidi mkali zaidi ni msimu wa 2024/25. Novemba 2024 Yanga ilimfukuza Miguel Gamondi, kocha yuleyule wa 5-1, baada ya kufungwa na Azam na Tabora United mfululizo. Akaja Sead Ramovic, Februari akatimkia Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu katika msimu mmoja, na Yanga bado ikawa bingwa kwa pointi 82. Diarra na Aucho, wale wa dirisha la 2021, walikuwa bado wamo kikosini wakibeba taji lao la nne.

Kwa hiyo kocha hakuwa ugonjwa wa Simba, wala kocha mpya hakuwa dawa yake.

Mwaka wa karibu karibu

Fadlu Davids alipewa kitu ambacho watangulizi wake hawakupewa: kikosi kipya. Juni 2024, katikati ya hasira za wanachama, Salim Abdallah "Try Again" alijiuzulu uenyekiti wa bodi na mwekezaji Mohammed Dewji akarejea kwenye kiti hicho. Bocco, Ntibazonkiza, Miquissone aliyekuwa amerejea, na wengine wakaagwa. Wakaja Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale, Debora Mavambo, Leonel Ateba, kipa Moussa Camara na vijana wa nyumbani kama Yusuph Kagoma na Abdulrazack Hamza. Kaulimbiu ya msimu ikawa "Ubaya Ubwela". Simba Day ya Agosti 3 ikajaza Uwanja wa Mkapa, ushahidi kwamba shabiki wa Simba hununua matumaini hata baada ya msimu wa kumtoa machozi.

Matunda yakaonekana upesi. Timu iliyokuwa ikiitwa "Mwakarobo" na watani kwa sababu ya kuishia robo fainali za Afrika mara tano katika misimu sita, sasa ilivuka. Al Masry ya Misri iliondolewa kwa penalti baada ya Simba kupindua kipigo cha 2-0. Stellenbosch ikafuata. Mei 2025 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu ile ya Kombe la CAF mwaka 1993 iliyopotea mbele ya Stella Abidjan. RS Berkane ilishinda 2-0 kwao. Mechi ya marudiano ikahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, uamuzi uliowakera mashabiki waliokuwa wakiutegemea uwanja wao wa Dar es Salaam. Mutale alifunga mapema, Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, Berkane ikasawazisha mwishoni. Kombe likaenda Morocco.

Kwenye ligi ilikuwa vilevile. Mechi ya watani iliyopangwa Machi 8 iliahirishwa baada ya Simba kudai kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo, na mvutano wa miezi mitatu ukafuata. Ilipochezwa hatimaye, Juni 25, ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu: Yanga pointi 79, Simba 78. Ushindi wowote ulitosha kumaliza kiu. Yanga ikashinda 2-0, Pacome kwa penalti na Clement Mzize.

Pointi 78, fainali ya Afrika, mfungaji bora wa ligi akiwa Ahoua kwa mabao 16, na kabati halikuongezewa kombe. Kwa mara ya kwanza tangu 2021 timu ilionekana kuwa na mwelekeo. Kisha kocha akaondoka kabla msimu mpya haujakomaa, na hesabu ikarudi mwanzo.

Hasira inakwenda wapi?

Shabiki wa Simba ana njia nyingi za kusema amechoka. Anapiga simu redioni asubuhi kwenye vipindi vya michezo. Anaandika kwenye mitandao hadi simu inazimika. Anaapa hatakanyaga uwanjani, kisha anakwenda. Hizo ni haki zake, na mpira bila kelele hizo ungekuwa mazoezi ya viungo.

Kuna njia nyingine zenye sumu. Baada ya kila kipigo kikubwa cha dabi lazima apatikane aliyeuza mechi. Baada ya ile 5-1 macho yalimgeukia Manula, kipa aliyekuwa ndiyo kwanza anarejea kutoka kwenye majeraha ya muda mrefu. Mtu aliyelinda lango kwa mataji manne akageuzwa mbuzi wa kafara kwa dakika 90. Wachezaji wengine huandamwa mpaka kwenye kurasa za familia zao. Tuhuma za hujuma zina faida moja tu, nayo ni ya viongozi: zikishasambaa, hakuna anayeuliza tena kuhusu usajili.

Kocha anatumika hivyohivyo. Ndiye pekee katika klabu anayeweza kuondolewa kwa tangazo la aya mbili. Mwenyekiti wa klabu ana kura za wanachama nyuma yake. Mwekezaji ana fungu lake. Mchezaji ana mkataba na thamani sokoni. Kocha ana begi. Uongozi unapohitaji kuwapa mashabiki kitu cha kutuliza roho, kichwa chake ndicho cha karibu.

Mashabiki wa Afrika Mashariki si wageni wa hali hii. Jijini Nairobi, AFC Leopards haijatwaa ubingwa wa Kenya tangu 1998, na Aussems mwenyewe alipita pale baadaye bila kuiondoa kiu hiyo. Gor Mahia ilisubiri kuanzia 1995 hadi 2013. Na kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na Mombasa wapo wanaolia mara mbili kwa wiki, kwani Jumamosi wanavaa jezi ya Manchester United, klabu iliyobadilisha makocha mfululizo tangu Sir Alex Ferguson astaafu 2013 bila kuonja tena ubingwa wa Uingereza.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Shabiki wa Manchester United ni mteja. Mwanachama wa Simba, kwa mujibu wa mfumo uliopitishwa kwenye mabadiliko ya 2017 na 2018, ni mmiliki. Mwekezaji alipewa asilimia 49 kwa thamani ya Sh bilioni 20. Asilimia 51 ni ya wanachama. Mwenye 51 hana sababu ya kuomba kwa machozi redioni kile anachoweza kukidai kwenye mkutano mkuu.

Na cha kudai kipo. Nani anachagua wachezaji, na kwa ripoti ya nani? Wachezaji wangapi wa kigeni waliosajiliwa tangu 2021 walimaliza mikataba yao, na wangapi walilipwa ili waondoke? Mkataba wa kocha una kipengele gani cha kuizuia klabu ya Morocco au Misri kumchukua katikati ya msimu? Kwa nini nyota watatu waliojenga jina la klabu walivuka kwenda kwa mtani? Mwanachama mwenye kadi iliyolipiwa ana haki ya kupata majibu ya maswali haya kwa maandishi, yenye tarakimu, mbele ya mkutano.

Wanachama wa Simba mtakapokutana tena, liacheni jina la kocha liwe ajenda ya mwisho. Anzeni na usajili.